Cottage pie kwa jioni ya baridi: nyama ya kusaga, muundi au mabaki ya nyama ya kuokwa?

Mama Tatu (Leeds)
Ndugu zangu, habari za jioni. Jumamosi ijayo nitakuwa na wageni sita, na kwa kuwa hapa Leeds mwishoni mwa Novemba giza huingia saa kumi jioni na baridi hupenya hadi mifupani, nimeazimia kuwapikia cottage pie, yaani nyama ya ng'ombe katika mchuzi mzito, iliyofunikwa kwa viazi vilivyopondwa na kuokwa hadi juu kushike ukoko wa rangi ya dhahabu. Mwaka jana nilitumia nyama ya kusaga, lakini viazi vilizama ndani ya mchuzi na chakula kikatoka kama uji. Jirani yangu Mwingereza ananishauri nitumie muundi unaopikwa polepole, na mwenzangu kazini anasema mabaki ya nyama ya Jumapili ndiyo asili yake. Naomba mnisaidie kuamua.

Bakari wa Glasgow
Mama Tatu, usiilaumu nyama ya kusaga, kwa maana kilichokuangusha ni maji. Watu wengi huitia nyama yote kwa pamoja katika sufuria yenye moto hafifu, nayo hutoa maji na kuchemka badala ya kukaangika. Kwa watu sita chukua gramu 800 za nyama yenye mafuta kiasi, uigawe mafungu mawili, na kila fungu ulikaange kwa moto mkali bila kulikorogakoroga mpaka lishike rangi ya kahawia, kwa sababu ladha yote ya mchuzi inatoka hapo. Ukishaitoa nyama, kaanga taratibu vitunguu maji viwili, karoti mbili na seleri katika mafuta yaliyobaki, tia vijiko viwili vya nyanya nzito ya kopo na kijiko kimoja cha unga wa ngano, kisha rudisha nyama na umimine nusu lita ya supu ya mifupa. Acha itokote bila mfuniko kwa dakika 40 hivi. Utajua imekuwa tayari pale utakapopitisha mwiko chini ya sufuria, na njia yake ikabaki wazi kidogo kabla ya mchuzi kurudi. Faida ya njia hii ni kwamba katika saa moja na nusu umemaliza kila kitu, na watoto hawatafuni kwa shida.

Bi Rehema (London)
Namheshimu Kaka Bakari, lakini kwa wageni mimi nitachagua muundi kila mara. Nyama ya muundi ina mishipa mingi ambayo, ikipikwa kwa saa tatu katika oveni ya nyuzi 150 huku sufuria imefunikwa, huyeyuka na kuupa mchuzi uzito ambao unga wa ngano hauwezi kuuleta. Baada ya hapo unaichambua kwa uma mbili, na kila tonge linakuwa na nyuzi za nyama laini badala ya chembechembe. Ni kweli kwamba inataka subira na kwamba nyama hupungua sana ikiiva, kwa hiyo nunua kilo moja na robo. Ipike Ijumaa usiku, uihifadhi katika friji, na asubuhi uondoe mafuta yaliyoganda juu.

Msomaji wa Leicester
Mwenzako hakukosea kuhusu asili. Jina la cottage pie limekuwapo tangu mwishoni mwa karne ya 18, na kwa muda mrefu chakula hiki kilikuwa njia ya kuitumia nyama iliyobaki baada ya kuokwa, ambayo ilisagwa kwa mashine ya mkono. Ile ya kondoo ndiyo siku hizi huitwa shepherd's pie, jina ambalo lilikuja baadaye. Hata hivyo, nyama iliyokwisha kuiva haina tena maji ya kuupa mchuzi, hivyo pai yake huwa kavu usipoitia supu nzuri. Kwa Jumatatu ya familia inatosha, ila kwa wageni sita sikushauri.

Mama Upendo (Njombe)
Nami nina neno, kwa sababu huku Njombe mwezi wa Juni na Julai baridi ni kali na viazi ni vyetu wenyewe. Sina oveni. Naipanga pai katika sufuria pana, naifunika, naiweka juu ya jiko lenye makaa machache, na makaa mengi nayapalia juu ya mfuniko, kwa maana ukoko unahitaji moto wa juu. Ile sosi ya Worcestershire ambayo Waingereza huitia katika mchuzi wameiuza tangu 1837, na miongoni mwa viungo vyake kuna ukwaju. Asiyeipata aloweke ukwaju kidogo, aukamue, na autie pamoja na kijiko kidogo cha sukari guru. Hautakuwa ule ule hasa, lakini mchuzi utapata ukali na utamu unaohitajika.

Mama Tatu (Leeds)
Ahsanteni sana. Bi Rehema amenishawishi, nitatumia muundi. Je, viazi vyenyewe nifanyeje ili visizame tena?

Bakari wa Glasgow
Nakubali, kwa muda ulio nao muundi utawafaa. Kwa viazi, nunua Maris Piper au King Edward, ambavyo vikiiva huwa vya ungaunga, na uviache vile vidogo vya saladi kwa kuwa huvutika kama gundi. Chukua kilo moja na robo, uvianze katika maji baridi yenye chumvi, na vikiiva uvimwage maji na kuvirudisha katika sufuria yenye moto kwa dakika mbili ili mvuke utoke. Ponda kwa mkono, kamwe si kwa blenda, ukitia gramu 75 za siagi na maziwa ya moto kidogo kidogo; vinapaswa kusimama kwenye mwiko.

Bi Rehema (London)
Nyama lazima iwe imepoa kabisa katika bakuli la kuokea kabla hujaweka viazi, maana juu ya mchuzi wa moto huyeyuka na kuzama hata vikiwa vimepondwa vizuri. Anza kuvipanga pembeni ukielekea katikati, chora mistari kwa uma, nyunyiza jibini ya cheddar ukipenda, na uoke kwa nyuzi 200 kwa dakika 40, hadi mchuzi uanze kutokota kwenye kingo. Ukiitoa, iache dakika kumi kabla ya kuipakua.