Wazazi Waswahili Houston: bodi ipi ina meno?

Mama Furaha: Jambo wazazi. Naomba kueleweshwa. Jimbo si lilishaichukua HISD, wilaya ya shule za umma ya Houston? Sasa hawa wajumbe wa bodi ya shule tunaoambiwa tuwapigie kura ni wa nini?

Mwl. Hamisi: Bodi ziko mbili, Mama Furaha. Kuna wajumbe 9 wanaochaguliwa na wananchi, kila mmoja na eneo lake. Halafu kuna mameneja 9 walioteuliwa na Kamishna wa Elimu wa Texas, Mike Morath, tarehe 1 Juni 2023. Bajeti, mikataba, kufunga shule, yote yanapitishwa na mameneja. Wajumbe wamebaki na cheo tu, kura hawana. Na siku hiyohiyo kamishna alimleta Mike Miles kuwa mkuu wa wilaya hiyo ya shule.

Baba Amani: Na kamishna mwenyewe anateuliwa na gavana. Kuanzia juu mpaka chini hakuna mahali mzazi anagusa.

Zuhura: Baba Amani, shikamoo. Pako. Novemba 2024 mameneja walitaka mkopo wa hatifungani wa dola bilioni 4.4. Deni la namna hiyo Texas halipiti bila wapiga kura, hata bodi iwe imeteuliwa na nani. Asilimia 58 hivi wakakataa, likafa.

Baba Amani: Marahaba. Hiyo naikubali. Ila humo kulikuwa na viyoyozi, usalama, na kuondoa madini ya risasi kwenye maji. Fimbo iliwafikia wakubwa, na watoto ikawagusa.

Zuhura: Sibishi. Ndiyo fimbo iliyokuwepo.

Mzee Bahati: Ilianzaje lakini? Nasikia eti shule moja tu ndiyo iliyoangusha wilaya nzima.

Mwl. Hamisi: Ni kweli, Mzee, na sheria ndivyo ilivyoandikwa. Mwaka 2015 bunge la Texas lilipitisha HB 1842: shule moja ikifeli miaka 5 mfululizo, kamishna lazima achague, aifunge au aweke mameneja juu ya wilaya yote. Shule yenyewe ilikuwa Wheatley High. Morath alitangaza kuichukua wilaya Novemba 2019, wilaya ikaenda mahakamani, zuio likatoka Januari 2020. Bunge likarekebisha sheria 2021, na Januari 2023 Mahakama ya Juu ya Texas ikaliondoa zuio. Kufikia hapo Wheatley ilishapata C katika alama za 2022!

Baba Amani: Tuwe wa haki lakini. Haikuwa Wheatley peke yake. Uchunguzi wa TEA, idara ya elimu ya jimbo, ulisema wajumbe 5 walikutana faragha na mtu waliyetaka kumpa ukuu wa wilaya. Kwenye bodi ya watu 9, watano ni akidi, kwa hiyo hicho ni kikao, na kikao lazima kitangazwe. Tena kulikuwa na kasoro za elimu ya mahitaji maalumu. Bodi ya karibu ikilegea, jimbo halihitaji kutafuta sababu.

Mama Furaha: Aksanti. Na mambo ya darasani, nani alileta ule utaratibu wa mtoto kutolewa darasani katikati ya kipindi?

Mwl. Hamisi: Huo ni mfumo wa NES, mpango wa ufundishaji wa Miles. Mwalimu anafundisha dakika 45, kisha jaribio fupi la dakika 10. Waliofaulu wanatoka kwenda chumba kingine kufanya kazi za juu, waliobaki wanarudiwa somo. Shule kadhaa chumba hicho ndicho kilichokuwa maktaba. Angalia hapa: mtoto anayejifunza Kiingereza anaweza kulijua somo na akafeli kusoma swali. Mwulize mwalimu amekosa nini hasa, hesabu au maneno ya swali.

Mzee Bahati: Na bodi yetu inarudi lini?

Zuhura: Juni 2025 TEA iliongeza muda hadi 1 Juni 2027 na kubadilisha mameneja 4. Masharti ya kutoka ni matatu: isiwepo shule inayofeli miaka mfululizo, mahitaji maalumu yafuate sheria, na bodi iendeshe vikao kwa kuangalia matokeo ya wanafunzi. Hilo la tatu anayelipima ni kamishna mwenyewe, hapo ndipo pana mwanya. Hata wakitoka, hawatoki mara moja. Wajumbe wanarudi theluthi kwa theluthi, watatu watatu. Mama Furaha, jibu lako ndilo hili: unayemchagua leo anaweza kuwa ndiye atakayekaa kwenye kile kiti.

Mama Furaha: Nimeelewa. Mimi bado sijawa raia lakini.

Baba Amani: Basi usijaribu hata kujiandikisha. Kadi ya kijani haipigi kura, ni kosa la jinai na inaharibu faili la uhamiaji. Raia nao: fomu ijazwe, isainiwe, ipelekwe au itumwe kwa posta angalau siku 30 kabla ya uchaguzi. Usingoje kubofya kwenye simu, Texas haina hiyo kwa anayeanza.

Zuhura: Kuongea kikaoni hakuhitaji uraia. Ajenda lazima itangazwe siku 3 za kazi kabla, si saa 72 kama zamani. Tafuta namba ya kipengele, jiandikishe kwa kipengele hicho. Na ukiongea kupitia mkalimani, sheria ya vikao vya wazi inakupa angalau muda maradufu, kama hawana vifaa vya kutafsiri papo hapo. Wengi hawaambiwi. Sema unapojiandikisha, usingoje ufike kwenye maikrofoni, maana saa inakuwa imeshawekwa.

Mzee Bahati: Wanasikiliza lakini?

Zuhura: Kura yao hubadilishi sana, Mzee. Ila maneno yako yanaingia kwenye rekodi.

Mwl. Hamisi: Kwa wenye watoto wa mahitaji maalumu, hapo msihangaike na bodi kabisa. Ile ni sheria ya taifa, haikuhamia kwa mameneja. Andika barua ya kuomba tathmini, ipeleke kwa mkuu wa shule au ofisi ya mahitaji maalumu. Ukimwambia mwalimu kwa mdomo, saa haianzi. Barua ikipokelewa wana siku 15 za shule kujibu kwa maandishi, ama wakupe fomu ya ridhaa ama wakatae na waeleze sababu. Ukisaini, siku 45 za shule wamalize. Siku za shule, si za kalenda, kwa hiyo barua ya Mei inaweza kulala likizo nzima. Kwenye kikao cha ARD, yaani kamati ya wazazi na shule inayopanga elimu maalumu ya mtoto, omba mkalimani wa Kiswahili mapema, na mtoto asitumiwe kutafsiri.

Mama Furaha: Barua naweza kuandika kwa Kiswahili?

Mwl. Hamisi: Unaweza. Ila weka na Kiingereza chini yake, mistari mitatu inatosha: jina la mtoto, neno "naomba tathmini kamili ya elimu maalumu", tarehe. Tuma kwa barua pepe ili tarehe ibaki. Nitumie rasimu pembeni nikusaidie.