"Put off" ina maana ngapi hasa?

Swali
Wakuu, naomba ufafanuzi. Nimezoea kwamba "put off" ni kuahirisha. Sasa "The smell put me off" inaahirisha nini? Na huku kwetu watu husema "put off the lights" wakimaanisha kuzima taa. Halafu kwa nini "put off it" inahesabiwa kosa?

Jibu 1
Mkuu, tazama kwanza yambwa, yaani kinachotendewa, ni nini. Kinachoahirishwa ni shughuli: mkutano, safari, malipo. "They put off the meeting until Friday", yaani wameusogeza hadi Ijumaa. Siku mpya huja na "until" au "till". Urefu wa muda huja na "for", kama "for two weeks".

Kikifuata kitenzi, kipe -ing: "He put off paying the fees". Hapa ndipo wengi wanapoteleza. Kiswahili kinasema "aliahirisha kulipa", na ile ku- inamvuta mtu aandike "put off to pay", ambayo si sahihi.

Kuhusu "it": nomino inakaa popote, "put the meeting off" au "put off the meeting". Viwakilishi kama it, them na me lazima vikae katikati, "put it off". Nomino yenye maelezo marefu ipeleke mwishoni, la sivyo msomaji anaisahau "put" kabla hajaifikia "off".

Jibu 2
Naongezea pale yambwa inapokuwa mtu, maana ndiko kwenye utamu. Harufu "ikiku-put off", imekukata hamu. "It put me off my food": ilinitoa hamu ya kula, na hapo haihitajiki "from". Kivumishi chake ni "off-putting", sehemu ya mwisho inatangulia.

"Stop laughing, you're putting me off" utaisikia zaidi kwa Waingereza: unanivuruga, nashindwa kutulia. Na mdaiwa wa njoo leo njoo kesho, "He keeps putting me off", anakuzungusha. Hapo anaahirisha malipo na kukusukuma wewe pembeni kwa wakati mmoja.

Taa: kwa Kiingereza cha Afrika Mashariki inaeleweka vizuri, ila kwenye mtihani andika "switch off" au "turn off". Moto na mshumaa ni "put out".

Jibu 3
Msiichanganye na "call off". Mechi iliyokuwa "put off" itachezwa siku nyingine. Iliyokuwa "called off" imefutwa, na neno lenyewe haliahidi tarehe mpya. Barua rasmi ya ofisini itumie "postpone".

Pia "put" haibadiliki wakati uliopita, hakuna "putted off". Kwa hiyo "He put off the trip" ni jambo lililokwisha kupita, kwa sababu la kila siku lingekuwa "puts". Kwa "they" umbo ni lilelile, hivyo tafuta "yesterday" au "every week" ndani ya sentensi kabla hujatafsiri.