Nimenunua sofa la mtumba nataka kulivisha kitambaa mwenyewe, naombeni ushauri

Kijana wa Tandika
Wakuu habari za jioni. Nimepata sofa la watu watatu kwa jirani aliyekuwa anahama, kaniachia kwa laki na nusu, mbao zake nzito, nadhani mninga, kulibeba tulikuwa watu wanne. Nikaenda Keko nikamweleza fundi akaniambia laki tatu na themanini, kitambaa na sponji humo humo, hela hiyo sina. Nimeamua nifanye mwenyewe, cherehani ipo nyumbani, kochi sijawahi kushona ila suruali napunguza vizuri tu. Sasa sofa kama hili linakula mita ngapi, na hizi stepla za mkono zinafaa au mpaka ile mashine ya upepo? Liwe tayari kabla ya Jumamosi. Nimekwama wakuu.

Mama Wawili
Jumamosi kuna nini?

Mkongwe wa Ukonga
Vijana mnapenda makochi sana. Mimi nimeoa nikiwa na mkeka na stuli mbili, wageni wakija stuli wao, sisi chini, na tulicheka humo ndani kuliko sasa hivi. Sofa la kwanza nimenunua mtoto wa tatu yupo darasa la pili, na siku ya kwanza tu akamwagia uji wa ulezi. Tafuta hela kwanza mwanangu.

Fundi Makochi
Kiongozi, la watu watatu lenye mito ya kutoa weka mita 10 mpaka 12, kitambaa cha upana wa mita 1.4. Stepla ya mkono inafaa ila kwa mninga pini hazizami zote, kaa na nyundo ndogo umalizie. Cherehani weka sindano namba 16 au 18 na uzi wa nailoni, uzi wa suruali utakatika mtu akikaa tu. Na usipime kwa macho, ng'oa kitambaa cha zamani polepole kwa bisibisi bapa na koleo, kila kipande kiandike kwa chaki, mkono wa kulia ndani, mgongo wa nje, hivyo vipande ndo patani yako. Umeshafungua?

Kijana wa Tandika
Asante sana fundi. Nimeshafungua lote limebaki mbao na mikanda. Kitambaa pia nimeshanunua Kariakoo, velveti rangi ya krimu, mita 8. Naomba tu kujua naanzia upande gani.

Mama Wawili
Krimu tena velveti, una watoto wewe?

Fundi Makochi
Mita 8 tutaona. Vile vitambaa vya zamani viko wapi?

Kijana wa Tandika
Vilikuwa vimechakaa sana fundi.

Fundi Makochi
Hata vikiwa matambara vinapimika. Viko wapi?

Kijana wa Tandika
Tulichoma. Na sponji pia.

Dada wa Mbagala
Mtu gani anachoma sponji jamani, ule moshi ni sumu. Kuna kitu hujasema kaka.

Kijana wa Tandika
Sawa niseme. Nilipong'oa kitambaa cha chini nikakuta vitone vyeusi vimejipanga kwenye maungio ya mbao kama mtu kapiga nukta na kalamu, nikachokonoa na msumari wakatoka kunguni. Nikachanganyikiwa. Mke wangu yuko Tanga kwa mama yake amejifungua mtoto wetu wa kwanza, arobaini inaisha wiki hii na Jumamosi wanarudi. Alipoondoka tulikuwa tunakalia ndoo na viti vya plastiki, nilimuahidi akirudi atakuta pa kukaa ananyonyesha ameegemea. Dawa nimepuliza chupa nzima na muuzaji kasema inaua mpaka mayai, kwa hiyo hilo limeisha, nimebakiza kushona tu.

Mama Wawili
Halijaisha baba. Mayai yanaanguliwa ndani ya wiki moja mpaka mbili, na mkubwa anakaa miezi hajala na yupo tu anasubiri. Sisi tuliletewa na kitanda cha mtumba, tukapuliza mara moja tukashangilia, baada ya siku kumi mtoto kaamka shingo nzima ina vipele vimefuatana mstari. Kichanga wa siku arobaini usimlaze hapo, na hiyo dawa yenyewe usimpumulishe.

Kijana wa Tandika
Nimekuelewa dada ila kitambaa nimeshanunua na hawarudishi. Na nyumba haina pengine pa kukaa.

Jicho la Tai
Naona mnahangaika na chai. Kwanza mada yenyewe haina hata picha moja. Pili mke yuko Tanga, sasa huyo mliyechoma naye ni nani? Halafu Temeke yote imenyesha tangu Jumapili, mmechomea wapi? Kesho utasikia nicheki inbox nauza dawa ya kunguni.

Dada wa Mbagala
Hahaha "tulichoma". Kaka jibu hilo kabla mama mtoto hajalisoma.

Mkongwe wa Ukonga
Nilijua tu kuna mwanamke.

Kijana wa Tandika
Siuzi chochote. Nilikuwa na mtoto wa mwenye nyumba, kijana wa kidato cha pili, alinisaidia kung'oa pini. Tulichomea kwenye jiko la mkaa chini ya bati la chooni, kipande kipande, ndio maana ilituchukua jioni nzima na mama jirani akaja kugomba kwa ajili ya moshi, na alikuwa na haki. Sina picha, kamera ya simu imekufa. Ila kwenye ubao wa ndani wa mgongo fundi wa zamani ameandika kwa penseli "baki 40,000" na kapiga mistari miwili chini yake. Hilo ningelitungaje?

Fundi Makochi
Mimi namuamini. Mafundi tunaandika madeni humo ndani, nimeshafungua makochi nikakuta mpaka namba ya simu. Sasa sikiliza kijana. Sofa likae nje chini ya bati, usiliingize ndani. Chemsha maji yatokote, mimina kwenye maungio yote, siku ya jua lianike, dawa rudia baada ya wiki mbili, ndo uvishe. Jumamosi kaazime kiti chenye mgongo. Wakati unasubiri, chukua shuka kuukuu ukate patani, pima kila sehemu pale ilipo pana na uongeze sentimita 10 kila upande wa kuvutia. Mgongo wa nje unaegemea ukuta, huko weka kitambaa chochote, mita 8 zitakutosha kwa kubana. Pini anzia katikati uende pembeni. Na velveti ina manyoya, vipande vyote yalale kuelekea chini, vinginevyo sofa litaonekana rangi mbili. Hujakata bado?

Kijana wa Tandika
Nimempigia mke wangu nimemwambia yote. Kanyamaza kidogo akauliza hao kunguni wameingia mpaka chumbani? Nikamwambia hapana, sofa halijavuka mlango. Akasema basi likae huko huko, yeye mgongo wake ameuzoeza ukuta. Kiti nimeazima kwa mwenye nyumba.

Fundi, mikono miwili nilishaikata jana usiku. Nimetoka kuipapasa sasa hivi. Mmoja manyoya yanalala chini, mwingine yanapanda juu.

Fundi Makochi
Umeshashona?

Kijana wa Tandika
Mmoja. Nafumua.