Nakala 40 za kitabu kimoja au vitabu 40 tofauti? Naomba ushauri wa hadithi za darasa la nne

ChakiNyeupe
Walimu wenzangu, habari za kazi. Nafundisha darasa la nne, wanafunzi 40, na nimeruhusiwa kuagiza vitabu 40 vya hadithi. Si 41. Njia ninazoziona ni tatu:

1) Kitabu kimoja, nakala 40, tusome wote pamoja.
2) Vitabu 8, kila kimoja nakala 5, wasome kwa makundi.
3) Vitabu 40 tofauti, kila mtoto ajichagulie.

Wanaosoma vizuri ni wachache, wengi wako katikati, na wapo ambao bado wanaunganisha silabi. Aliyewahi kujaribu aniambie ilivyokuwa darasani, si maneno ya semina.

MwalimuMkongwe
Ya kwanza, bila kusita. Hadithi ikisomwa na darasa zima inakuwa ya darasa zima. Mtoto akileta ubishi, mwenzake anamwita kwa jina la mhusika na wote wanacheka, kwa sababu wote wanamjua. Hilo hulipati kwa vitabu 40 tofauti. Na maandalizi yako ni ya kitabu kimoja tu, usisahau.

DawatiLaNyuma
Mkuu, nakuheshimu, lakini tusemezane ukweli kuhusu hicho kitabu kimoja kinavyosomwa: kwa zamu, aya moja moja, kufuata mistari ya madawati. Siku moja simama nyuma ya darasa uwatazame. Mtoto wa tano hamsikilizi wa pili. Anahesabu aya kwa kidole ajue itakayomwangukia ni ipi, kisha anaifanyia mazoezi, midomo inacheza bila sauti. Zamu yake ikishapita, kwake somo limekwisha. Yule anayeunganisha silabi naye anaaibika mbele ya wenzake 39. Waulize baadaye hadithi ilihusu nini, kila mmoja atakutajia aya yake.

MwalimuMkongwe
Sijataja kusoma kwa zamu mahali popote. Mwalimu asome mwenyewe, watoto wafuatilie.

Mkutubi_wa_Zamu
Kama ni hivyo, mwalimu anahitaji nakala moja, na ChakiNyeupe amebakiwa na 39 😀

Sitanii lakini. Kumsomea mtoto kwa sauti na kumpa kitabu asome mwenyewe ni kazi mbili, na kila kazi ina kitabu chake. Watafiti wa usomaji, Gough na Tunmer, walilieleza vizuri mwaka 1986: kuelewa maandishi ni kuzidisha vitu viwili, uwezo wa kuyatambua maneno yaliyoandikwa na uwezo wa kuielewa lugha yenyewe. Kimoja kikiwa sifuri, jibu ni sifuri. Sasa mtoto wa darasa la nne anaweza kukwama kwenye maneno yaliyoandikwa huku akisikiliza hadithi ndefu, yenye wahusika wenye siri, na akaielewa barabara. Cha kuwasomea kiwe kigumu kuliko wanachoweza peke yao. Cha mkononi kiwe chepesi. Ukichagua kimoja kwa kazi zote mbili, wanaojua wanachoka na wasiojua wanapotea.

MzaziMsomaji
Mimi ni mzazi tu, samahani kuingilia. Kuna ile njia ya vidole vitano: mtoto anafungua ukurasa, kila neno asilolijua anainua kidole, vikifika vitano anakirudisha kitabu. Je, hiyo haitoshi wajichagulie wenyewe?

Mkutubi_wa_Zamu
Karibu sana, mzazi. Inasaidia kwa haraka haraka. Ila maneno 5 magumu kwenye ukurasa wa maneno 30 si sawa na 5 kwenye ukurasa wa maneno 200, na vidole havipimi hamu. Mtoto mwenye wazimu wa sayari na nyota atapambana na kitabu kilichomzidi, na atakimaliza.

DawatiLaNyuma
Njia ya 3 ina mtego mwingine: wapo wanaochukua kitabu kinene ili waonekane. Na ukishamaliza kitabu ambacho hakuna mwingine aliyekisoma, utabishana na nani? Mimi nasimama na makundi ya watano. Maswali yao ni yale manne ya mwandishi wa vitabu vya watoto, Mwingereza Aidan Chambers: nini kimekupendeza, nini hakikukupendeza, nini kimekutatiza, na nini kinajirudia. La tatu ndilo linalofungua midomo, maana kutoelewa kunageuka kuwa mchango.

KalamuNyekundu
Wadau mnagombania idadi, hakuna aliyeuliza ni vitabu gani. Nusu ya vitabu vya watoto ninavyoletewa ni mahubiri yenye picha: mtoto hakusikia la wakubwa, akaumia, akatubu. Ukurasa wa pili tu watoto wameshajua mwisho.

Msidharau vitabu vya picha eti ni vya chekechea. Ninacho kimoja ambacho maandishi yanasema kila mtu alifurahi siku hiyo. Kwenye picha, pembeni kabisa, yupo mtoto amekumbatia magoti, hatazami sherehe. Niliuliza swali moja: anayedanganya ni nani, maneno au picha? Walibishana mpaka kengele. Na aliyegundua kwamba mtoto yule yuko pembeni tangu ukurasa wa kwanza ni mwanafunzi ambaye kusoma kwake ni kwa shida.

Jambo jingine ni wa kina nani wamo. Rudine Sims Bishop, mtafiti Mmarekani wa fasihi ya watoto, aliandika mwaka 1990 kwamba vitabu ni vioo na madirisha: mtoto ajione, na awaone wengine. Vitandaze vyote sakafuni kabla ya kuagiza, utazame nani hayupo.

MwalimuMkongwe
Hapo kwenye mahubiri umenigusa. Lakini mtihani utauliza "hadithi hii inatufundisha nini", tupende tusipende.

KalamuNyekundu
Liulize, Mwalimu, ila liwe la mwisho. Likitangulia, watoto wanakupa jibu unalolitaka na mazungumzo yanafia hapo.

ChakiNyeupe
Asanteni sana. Nimepiga hesabu upya: kitabu 1 kigumu cha kuwasomea kila siku, vitabu 6 vya nakala tano tano, na 9 tofauti. Makundi sita ni watoto 30. Kumi waliobaki wanajichagulia kati ya hivyo 9 na kile changu, kisha tunapokezana. KalamuNyekundu, kati ya vile sita, viwili vitakuwa vya picha.

Mkutubi_wa_Zamu
Hesabu imekaa. Kwenye vile 9 tia kimoja cha mashairi. Wanaosoma polepole wanavipenda kwa sababu ukurasa unaisha.

MwalimuMkongwe
Na kile cha kuwasomea, usiagize kabla hujajisomea mwenyewe kwa sauti, angalau sura moja. Vipo vinavyopendeza machoni na kukwama mdomoni.