Kayaki katika hori la Mida: tuchague siku gani ya mwezi?

Swali, kutoka Kisumu

Ndugu zangu, mimi na mke wangu tumezoea kupiga makafi asubuhi kando ya mafunjo ya Dunga, kabla upepo wa alasiri haujaanza kuvuma kutoka ziwani. Desemba tunakusudia kwenda pwani, na kwa kuwa sote wawili tunawapenda ndege wa majini, tungependa kuingia kwa kayaki ya watu wawili katika hori la Mida, yaani mkono wa bahari ulioingia nchi kavu, karibu na Watamu, tuione mikoko. Tunaambiwa kwamba huko saa ya kuondoka huamuliwa na maji. Ziwa letu halina kujaa wala kupwa kunakoonekana kwa macho, hivyo hatujui tuanzie wapi. Isitoshe, mke wangu si mwogeleaji hodari. Je, hilo ni kizuizi?

Jibu la kwanza, mzaliwa wa Kilifi anayefanya kazi Kisumu

Bwana, mmeambiwa kweli. Bahari hujaa na kupwa mara mbili katika muda wa karibu saa 25, kwa hiyo kila siku maji huchelewa dakika 50 hivi kuliko jana yake. Mwezi unapoandama, na tena unapokuwa mpevu, huja bamvua, ambapo maji hupanda sana na kushuka sana, na tofauti yake katika pwani yetu yaweza kukaribia mita 4; kati ya bamvua mbili huwa maji mafu, yanayosogea kidogo tu.

Siku za bamvua maji hujaa kwenye saa kumi, alfajiri na jioni, nayo hupwa kwenye saa nne asubuhi. Mgeni aliyezoea ziwa huamka mapema akitarajia utulivu, akakuta matope matupu. Mida ni hori pana lenye mlango mwembamba, na maji yakishatoka, kayaki hukwama mahali ambapo hata kuikokota ni shida, kwa kuwa matope ni laini na chaza walioshika kwenye mizizi hukata miguu. Kwenye mlango wenyewe mkondo huwa na nguvu, msiukaribie.

Mimi ningechagua siku mbili au tatu kabla ya mwezi kuandama au kuwa mpevu. Maji hujaa mapema kidogo alasiri, mkaingia yakiwa bado yanapanda ili yawasukume ndani ya vijito vya mikoko, kisha mkageuka mara yanapoanza kutoka, kungali mchana. Siku za maji mafu ni salama pia, ila vijito vya ndani havifikiki vizuri. Tazameni jedwali la maji la Kilindini, yaani la saa za kujaa na kupwa katika bandari ya Mombasa, kabla ya kukata tiketi ya gari.

Jibu la pili, Nakuru

Naongeza kuhusu ndege, maana hapo ndipo wengi hukosa. Ndege wa matopeni hula maji yakiwa yamepwa, si yakiwa yamejaa. Kwa hiyo asubuhi nendeni kwa miguu kwenye daraja la mbao lililopita kati ya mikoko, na kayaki iwe ya alasiri. Desemba wahamiaji kutoka Ulaya na Asia huwa wamefika, na Mida inajulikana kwa yule ndege mweupe na mweusi, mwenye mdomo mnene, anayekula kaa. Maji yakijaa, ndege hawa hukusanyika kupumzika. Nawasihi msiwaendee kwa kayaki hata kwa ajili ya picha, kwani kila wanaporuka hupoteza nguvu waliyoitafuta asubuhi nzima.

Jibu la tatu, mwongoza mitumbwi, Dunga

Shemeji yetu anaweza kwenda bila hofu, mradi avae jaketi la kuokoa maisha lililofungwa barabara, na kabla ya safari ajaribu kuelea nalo katika maji yanayomfika kiunoni. Akae mbele, yeye ndiye atoe mwendo wa makafi. Wewe ukae nyuma, umfuate na kuelekeza chombo. Makafi yakigongana, anayerekebisha ni wa nyuma, kwa sababu wa mbele hamwoni mwenzake. Pia ajirini mwongozaji wa palepale, anayevijua vijito vinavyokauka kwanza.

Muulizaji

Ahsanteni sana. Tumeshafungua kalenda ya mwezi, na ruhusa ya kazini tutaiomba kulingana nayo.