Tupeane uzoefu: ofa ya sapoti kwenye kampuni ya programu, unaichukua au unaiacha?

Njia Panda
Wakuu, salaam. Nimesomea kuandika programu, nimeomba kazi za udevelopa mpaka vidole vimeota sugu, na ofa iliyokuja ni ya sapoti. Kampuni inatengeneza programu ya uhasibu. Kazi ni kujibu tiketi za wateja, yaani maombi yao ya msaada, zamu za kupokezana, wikendi moja moja. Mshahara si wa kulia wala wa kucheka. Jamaa mmoja ananiambia nikiingia huko sitoki, mwingine anasema huo ndio mlango wenyewe. Wanataka jibu Ijumaa. Mliopita huko, mwageni.

Mzee wa Tiketi
Umenigusa kidonda. Mtoa mada, sapoti zinatofautiana. Daraja la kwanza ni simu na gumzo: nywila imesahaulika, printa haichapi, "nimebonyeza kitu vyote vikapotea". Daraja la pili unapewa ruhusa ya kusoma logi, yaani kumbukumbu za yaliyotokea ndani ya mfumo, na kuchungulia hifadhidata kwa SQL, lugha ya kuiuliza maswali. La tatu unakaa karibu na madevelopa kiasi kwamba wanakuchukia kwa jina. Kwenye barua wote wanaandika "mhandisi wa sapoti". Waulize ni daraja lipi.

Binti Logi
Nakazia. Mimi cheo kilikuwa uhandisi, kazi ikawa kubadilisha nywila za watu.

Asiyelala
Mmenikumbusha mbali. Ngoja niwape ya 19 Julai 2024, ile Ijumaa sasisho bovu la programu ya ulinzi lilipoangusha kompyuta za Windows zipatazo milioni 8.5 duniani. Ndege hazikuruka, hospitali zikarudi kwenye karatasi. Sisi tulikuwa tunauza mfumo wa stoo, hatukuhusika kabisa. Lakini mteja akikuta skrini ya bluu anampigia nani? Anampigia anayepokea simu.

Dawa yenyewe ilikuwa fupi: washa mashine katika hali salama, ingia kwenye folda ya viendeshi, futa faili linaloanza na C-00000291, washa upya. Shughuli ni kwamba diski za wengi zimefungwa kwa BitLocker, kufuli la Windows la kulinda diski, na kuifungua kunataka ufunguo wa tarakimu 48. Arobaini na nane, jamani! Nipo kwenye simu na mama wa mapokezi, namsomea sita sita, anaingiza, anarudia. "Umesema saba au tisa, mwanangu?" Nyuma yake nasikia foleni inagomba. Tumefika kundi la saba, akagusa kitufe kisicho chake, tukaanza upya. Mashine ilipowaka akashukuru weee, halafu akasema, "Haya, zimebaki kumi na moja." Mteja mwingine funguo zake zote zilikuwa zimehifadhiwa kwenye seva, na seva nayo ilikuwa bluu.

Mdaku wa Nyuzi
Tiririka mkuu, nimeweka kambi hapa.

Kamba Ndefu
Chumvi imezidi. Sisi tulizima na kuwasha tu, zikarudi. Na lile lilikuwa shambulio la wadukuzi, wakalifunika.

Asiyelala
Shambulio gani, mkuu? Faili lilitumwa saa 04:09 za UTC, ile saa ya pamoja ya dunia, likaondolewa 05:27. Mashine iliyokuwa imelipokea ndani ya hizo dakika 78 ndiyo iliyoanguka. Kuzima na kuwasha ni kweli kulisaidia baadhi, hata Microsoft waliwaambia wenye mashine za Azure, huduma yao ya kukodisha kompyuta mtandaoni, kwamba huenda wakahitaji kurudia hadi mara 15. Iliyobahatika kushusha faili jipya kabla ya kuanguka tena ilipona. Zangu hazikuwa na bahati hiyo.

Kamba Ndefu
Sawa, bingwa. Ila mama wa mapokezi umemtunga.

Binti Logi
Nyie wawili mhamie kwenye uzi wenu. Mtoa mada ana mpaka Ijumaa.

Kodi Tamu
Kataa. Sapoti ni kaburi la developa. Utakaa huko unaomba radhi kwa makosa ya wengine, mwisho hata kuandika kitanzi (loop) cha mistari mitano unakwenda kuangalia mtandaoni.

Mzee wa Tiketi
Makosa ya wengine ndiyo hayo yako, kijana. Unayeombewa radhi ni wewe.

Mpima Bagi
Kodi Tamu, mimi nilitokea sapoti nikaenda kwenye kupima programu, sasa naandika majaribio ya kujiendesha. Kilichonitoa ni tiketi moja. Wateja walilalamika ankara zinasoma tarehe ya jana. Madevelopa wanaifunga kila mara: "kwangu haijirudii." Nikazipanga tiketi kwa saa zilizofunguliwa badala ya jina la mteja. Zote ni ankara za baada ya saa sita usiku! Seva inahifadhi muda kwa UTC, wateja wako mbele ya UTC, kwa hiyo mtu akiingiza ankara usiku wa manane, kwa seva bado ni jana. Mwisho wa mwezi mauzo yanaangukia mwezi usio wake. Madevelopa walikuwa wanajaribu mchana, wangeionaje? Niliandika hatua moja baada ya nyingine, nikaambatanisha logi, na tangu hapo nikawa naitwa kwenye vikao vyao. Na wewe programu yako ni ya uhasibu, huko tarehe ni kila kitu.

Kodi Tamu
Wewe mmoja umetoka. Wangapi wamebaki?

Mpima Bagi
Ndiyo awaulize kwenye usaili: waliokuwa sapoti kabla yake wako wapi sasa? Wakianza kuangaliana, jibu amelipata.

Kiti cha Magurudumu
Uliza pia wanakupima kwa nini. Kama ni idadi ya tiketi ulizofunga, utajifunza kufunga, kutatua utasahau. Kama ni nyota za wateja, jiandae kupewa nyota moja kwa sababu kampuni imepandisha bei. Na nunua hedifoni yenye kitufe cha kuzima sauti kinachofanya kazi. Hili sitanii.

Chukua Chako
Chukua mapema, tafuta nyingine ukiwa ndani. Njaa haisubiri udevelopa.

Njia Panda
Asanteni wote. Nimewaandikia, wamejibu leo: ni daraja la pili, logi ruksa, SQL ya kusoma tu. Wawili wa zamani wamehamia timu ya kusimika mfumo kwa wateja. Kushika simu ya dharura ni wiki moja kila mwezi, malipo yake "yatajadiliwa baadaye".

Asiyelala
Hayo malipo yaandikwe kwenye mkataba kabla hujasaini. Simu ya saa tisa usiku haijadiliwi baadaye.

Kodi Tamu
Kataa.

Mpima Bagi
Logi ruksa? Saini, ila wakuandikie hilo la simu.

Mdaku wa Nyuzi
Ukimsikiliza Kodi Tamu, nitumie anwani nikaombe mimi.