Mrejesho: chunusi na weusi chini ya macho tangu nianze zamu za usiku

Wapendwa, niliuliza kwa nini chunusi zimejaa kidevuni na macho yamezungukwa na weusi tangu nihamishiwe zamu za usiku. Asanteni sana, hasa dada aliyesisitiza nimwone daktari wa ngozi.

Nilienda. Kabla hata hajanigusa uso aliuliza nalala saa ngapi. Akanieleza kwamba usingizi ukikatika, homoni ya kotisoli, ile ya msongo wa mawazo, hupanda, na chunusi zinakuwa nyekundu na kuchelewa kupona. Ngozi nayo hujikarabati tunapolala. Ikikosa muda huo inapoteza maji na kukauka.

Nikasoma pia utafiti wa Sweden wa mwaka 2010: watu 23 walipigwa picha baada ya kulala vizuri, kisha baada ya kukesha. Watazamaji 65 wasiojua nani kalala waliona waliokesha wana afya duni zaidi. Iliniuma, maana hata mama alishaanza kuniuliza kama naumwa.

Sasa nimeweka pazia zito dirishani, simu inabaki sebuleni, na wa nyumbani wananiachia mchana wangu. Chunusi zimepungua sana. Weusi umepungua kidogo tu; daktari anasema sehemu yake ni ya kurithi, nami naamini, baba anao.

Mlionishauri krimu ya kung'arisha, nawaomba msimpe mwingine ushauri huo. Nyingi zina steroidi, dawa zinazoweza kuifanya ngozi iwe nyembamba, na ngozi ya chini ya macho ni nyembamba tayari.